Almasi Pekee Tuliyoiona kwa Macho

Ipo siku moja ya miaka ya vita ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya arusi yangu, na mke wangu analijua hilo wala hanung'uniki. Siku hiyo, mwanangu, nilisimama katika ofisi moja ya Beni mbele ya mtu mwenye bastola kiunoni, nikiwa na jiwe jeupe kiganjani na fundi vioo kando yangu na chombo chake, na watu wa mlima mzima wakingoja kujua kama mashamba yao yatabaki kuwa yao. Nitakusimulia ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwapo. Penye jambo ambalo sikuliona mwenyewe nitakwambia wazi kwamba sikuliona, na nitakutajia aliyenieleza. Nawe ufanye vivyo hivyo utakapokuwa na watoto wa kusimulia.

Kwanza uufahamu mlima wenyewe. Kasima ni mgongo wa ardhi ulio juu ya Kipese, mahali ambapo ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi na mtu hulala na blanketi mbili mwaka mzima. Hapo hulimwa viazi, kabichi, njegere na vitunguu. Shangazi yangu Masika, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mjane aliyelima upande wa mashariki wa mlima huo. Shamba lake lilipatikana kwa desturi yetu sisi Wanande: mumewe, siku za uhai wake, alimpelekea mwami, chifu wa mlima, mbuzi wa muhako, yaani mbuzi wa kukiri kwamba ardhi ni ya mwami na jasho ni la mkulima. Mwami akimpokea mbuzi huyo, hawezi tena kumfukuza aliyemtoa. Akifanya hivyo, hakuna atakayekaa naye kwenye kikao. Kwetu jambo hilo lina nguvu kuliko karatasi yoyote yenye mhuri.

Katika udongo wa Kasima kulikuwa na mawe ya kupendeza. Mvua kubwa ikinyesha, yalijitokeza kwenye matuta: meupe, maangavu kama maji ya chemchemi, kila moja na pande sita zilizonyooka kana kwamba zimepigwa randa, na ncha iliyochongoka kama kalamu ya mtoto wa shule. Tangu nilipokuwa mdogo niliwaona kina mama wakiyaokota na kuyatupa pembeni ya shamba, kwa sababu yalikuwa yakiharibu majembe. Hakuna aliyeyapa thamani yoyote. Kisha vita vikaja, na pamoja na vita likaja neno moja linaloitwa banasema, yaani 'watu wanasema'.

Mwanzo wake sikuuona. Niliambiwa na mchungaji wa kanisa letu la Kipese, mtu asiyependa kutia chumvi. Kijana mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya Mangina, alichukua jiwe la Kasima akalikwaruza kwenye kioo cha zahanati. Kioo kikakatika mstari. Kijana akapiga kelele: diamant! Huko machimboni alikuwa amefundishwa kwamba jiwe linalokata kioo ni almasi, basi. Kabla ya soko lililofuata, hapakuwa na kioo kizima Kipese. Kila mtu alitaka kujihakikishia. Madirisha ya zahanati, ya shule, ya kanisa, yote yalichorwa mistari kama yaliyoparurwa na kuku, na mchungaji alihubiri Jumapili huku ameyageuzia mgongo madirisha yake kwa hasira.

Neno hilo liliposhuka Butembo lilikuwa limenenepa. Nilisikia sokoni, kwa masikio yangu, mwanamume mzima akiapa kwamba mzungu mmoja alipoliona jiwe la Kasima alizimia. Nikamwuliza: mzungu gani, alizimia wapi, nani alimwamsha? Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. Lilipofika Beni, neno likaingia katika ofisi ya Komanda.

Komanda huyu ndiye aliyekuwa na amri juu ya upande wetu wote wakati huo. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa ametumwa kutoka mkoa mwingine, kama maofisa wengi wa siku zile. Jina lake lilikuwa la Kasai, na Kasai ndiko almasi inakochimbwa, kwa hiyo kila mtu aliamini kwamba anaijua almasi kama sisi tunavyokijua kiazi. Hili sikuliona, nalikuja kulisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe: walimpelekea jiwe. Alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza, akatikisa kichwa kama anayekubali. Hakusema neno. Lakini kichwa kile kilipotikisika, Kasima ikawa mlima wa almasi, na amri ikatoka: wakazi wote wauhame kabla ya msimu wa kupanda mbegu, na mwami pamoja na wazee wa mlima wafike Beni kutia kidole kwenye karatasi ya kuiachia ardhi.

Wewe umezaliwa baadaye, huenda usielewe amri hiyo ilikuwa na maana gani. Mimi nilikuwa nimeuona kwa macho mlima mwingine, upande wa magharibi, uliosemekana kuwa na dhahabu. Nyumba zilibomolewa ili mbao zikatumike kwenye mashimo. Migomba ilikatwa. Wenye mashamba walikuja Butembo wakalala chini ya maturubai, wakibeba mizigo ya watu sokoni, wao waliokuwa wakiuza mizigo yao wenyewe. Mbegu za viazi zisipoingia ardhini mvua zikianza, mlima kama Kasima hauna kitu kingine cha kula.

Basi asubuhi moja shangazi Masika akashuka kwenye Fuso la kabichi, akaja mpaka nyumbani kwangu Butembo. Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nimerudi kutoka chuo kikuu, nafundisha kemia katika shule ya sekondari. Hakuketi. Alifungua kitambaa, akaweka jiwe mezani, katikati ya vikombe.

"Paluku, wewe njo ulisoma mambo ya mawe. Hii iko diamant ao hapana?"

Nilitabasamu kama daktari mbele ya mgonjwa wa mafua. Nikamweleza kwamba hiyo ni kwartzi, jiwe la kawaida, ndugu wa mchanga wa mtoni. Kwamba kwartzi ina pande sita, bali almasi hukua kwa namna nyingine. Kwamba kwartzi nayo hukata kioo, maana kioo ni laini kuliko watu wanavyodhani. Nilisema yote hayo kwa Kifaransa kizuri, kisha nikayarudia kwa Kiswahili.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Ni jambo linalojulikana, shangazi. Kitabu kinasema."

"Kitabu kinasema." Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Diamant, wewe ulishaka kuigusa?"

"Hapana."

"Ulishaka kuiona?"

"Kwa picha."

"Kwa picha!" Akaketi sasa, akapiga mapaja kwa viganja. "Donc yule Komanda, Kasai ilimwambia. Wewe, kitabu kilikuambia. Mimi nitafika Beni niseme nini? 'Chef, achia mulima yetu, mutoto wa kaka yangu aliona picha'? Batanicheka mpaka Oicha!"

Nikajaribu kusema kwamba kitabu si sawa na uvumi. Alininyamazisha kwa kidole.

"Sikiliza, mutoto. Sikatae kitabu. Kitabu yako inaweza kuwa na haki. Mais Komanda hatasoma kitabu yako, na basoda bake hawajue kusoma. Hii banasema haina nyumba, haina bibi, haina hata mbuzi moya, na inakuja kutufukuza kwa mashamba. Mimi sitaki banasema ingine ya kupigana nayo. Leta kitu mukono inaweza kushika. Kama huna, useme huna, niende kufunga mizigo."

Mwanangu, nilisoma chini ya maprofesa wenye majina makubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililonyooka namna ile. Nilikuwa na kweli, na kweli yangu haikuwa na faida kwa mtu yeyote, kwa kuwa nilikuwa nimeiazima na sikuwa nimeilipia kwa jaribio hata moja. Nilimwambia: "Shangazi, nipe mpaka kesho." Akajibu kwamba kesho kutwa ndiyo siku ya Beni, kwa hiyo nisichelewe.

Nilitoka nikitembea bila kujua niendako. Ili kuonyesha kwamba jiwe si almasi, nilihitaji almasi. Na almasi ningeipata wapi Butembo, wakati wa vita, mimi mwalimu? Nilikuwa nimepita nusu ya mji niliposikia mtu akiimba ndani ya karakana, tena kwa furaha ambayo haikufanana na nyakati zile. Alikuwa Fundi Katembo, mkata vioo.

"Mwalimu! Karibu! Unatoka Kipese?" aliniita kabla sijafika mlangoni. "Mungu abariki ile mulima! Madirisha yote banaharibu, na beko banazidi kuharibu. Hata mutoto wa mwisho wa catéchiste alikwaruza dirisha ya baba yake. Sijapataka kazi kama hii tangu Wabelgiji!"

Alikuwa ameinama juu ya kioo kikubwa, na mkononi ameshika kalamu fupi ya shaba yenye mpini wa mti uliosuguliwa na viganja vya vizazi viwili. Aliivuta mara moja. Kioo kikalia kwa sauti nyembamba, kikaachana kama mkate. Nilisimama nikikodolea ncha ya ile kalamu. Wakataji vioo wa leo wanatumia kigurudumu kidogo cha chuma. Lakini chombo hiki kilikuwa cha zamani, alikirithi kwa baba yake, na kwenye ncha yake kulikuwa na punje ya kitu kinachong'aa, ndogo kuliko mbegu ya mtama.

"Fundi, hiyo ncha ni ya nini?"

"Papa alisema diamant."

Unaona? Hata hapo, baba alisema. Nilikuwa nimepigwa na swali la shangazi asubuhi ileile. Sikuwa tayari kwenda Beni na neno la marehemu. Nikamwomba Fundi twende kwenye gereji ya jirani. Palikuwa na tupa ya chuma kigumu, na palikuwa na jiwe la kunolea, lile la mviringo linalozungushwa kwa mashine kunoa patasi. Nikaanza. Jiwe la Kasima lilikata kioo, kweli. Tupa haikuliumiza jiwe la Kasima. Kweli tena, na mafundi wa gereji wakaanza kushangilia almasi. Nikawanyamazisha. Nikalisugua jiwe la Kasima kwenye jiwe la kunolea, na ncha yake iliyochongoka ikalika ikawa butu, unga mweupe ukamwagika. Kisha nikachukua kalamu ya Fundi Katembo, nikaivuta juu ya jiwe la kunolea lenyewe, lile linalokula chuma. Ikachimba mfereji. Nikaitazama ncha: haikupungua, haikupoteza hata kona. Nikaivuta juu ya jiwe la Kasima: mstari mweupe, safi, uliozama. Nikajaribu kinyume, jiwe la Kasima juu ya ile ncha, kwa nguvu zangu zote: halikufanya kitu.

Nilipiga ukelele ambao haukumfaa mwalimu. Hapo ndipo nilipoijua almasi. Niliiona, niliisikia ikilia, niliihisi ikiuma chini ya vidole vyangu. Kitabu kilikuwa kimesema kweli, na sasa kweli ile ilikuwa yangu.

Lakini Fundi Katembo alikuwa ameacha kuimba. Alinyoosha mkono, akaichukua kalamu yake, akaifuta kwa shati.

"Mwalimu, minaelewa kile unataka. Mais ufikiri. Ukionyesha basoda kama hii njo diamant ya kweli, batafanya nini? Batang'oa. Na mimi nitakata vioo na meno?"

Sikumdanganya kwamba hilo haliwezekani. Nilimwambia twende nyumbani kwangu, akamsikilize shangazi. Shangazi Masika hakumbembeleza hata kidogo. Alimuuliza kama anajua viazi anavyokula vinatoka wapi. Akasema vinatoka soko la Butembo. Akamuuliza soko linavipata wapi. Fundi akainama.

"Batu ba Kasima bakiwa chini ya bâche," shangazi akamwambia, akimaanisha turubai, "nani atakuita kumuwekea kioo? Bâche haina dirisha, baba."

Fundi Katembo akacheka bila kutaka, akajikuna kichwa, akasema: "Mama, wewe ni mubaya." Kisha akasema atakuja, ila kalamu haitatoka mkononi mwake mpaka atakapoamua yeye. Nilimheshimu kwa sharti hilo, na namheshimu mpaka leo. Mimi nilihatarisha ngozi yangu kwa ajili ya shangazi yangu. Yeye alihatarisha riziki yake kwa ajili ya watu asio na udugu nao.

Tulipanda lori la kwenda Beni alfajiri ya siku iliyoamriwa. Kalamu, kwa ridhaa ya Fundi mwenyewe, ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha shangazi, maana kizuizi ni kizuizi, na askari wa kizuizini hufungua kila mfuko. Mmoja wao alimwambia: "Mama, kichwa yako iko muzito, umebeba nini?" Akajibu: "Mafikiri, mwanangu. Unataka nikupe kidogo?" Wenzake walimcheka yule kijana mpaka akasahau kutukagua.

Ofisini tuliwakuta mwami wa Kasima na wazee wawili, wameketi kwenye benchi na kofia magotini. Mwami alikuwa mzee sana. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajalala: alipokea muhako wa watu wale wote, na sasa anaitwa kutia kidole ili kuwafukuza. "Nikikataa, ni shimo," alisema. Shimo lilikuwa nyuma ya kambi. Waliotiwa humo walikaa kwenye matope hadi mtu alipokumbuka kuwatoa, na wengine hawakukumbukwa. Nililiona baadaye, halikuwa uvumi.

Komanda aliingia akiwa nadhifu, na Biblia iliyochakaa akaiweka pembeni ya karatasi. Alisali kwanza, sala fupi. Kisha akasukuma kidau cha wino mbele ya mwami.

Nikasimama. Mwami alikuwa bado hajachovya kidole.

"Mon commandant, naomba neno moja kabla ya kidole."

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu wa kemia, Butembo. Mwana wa mlima huo kwa upande wa baba."

"Unataka kusema mimi ni muongo? Kwamba ile haiko diamant?"

Mwanangu, hapo ndipo mtu hupotea kwa neno moja. Ningesema ndiyo, ningeingia shimoni nikiwa na kweli yangu. Ningesema hapana, mlima ungekwisha. Nilimjibu hivi:

"Sisemi hivyo. Nasema kwamba hakuna mtu katika chumba hiki aliyelijaribu jiwe hili, wala mimi sitaki uniamini. Nakuomba ulijaribu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, sisi tutazame."

Nafikiri, na hii ni fikira yangu tu, kwamba hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumpa nafasi hiyo. Akalichukua jiwe, akaenda dirishani, akakwaruza kioo cha ofisi yake. Kioo kikalia. Askari mlangoni wakapiga makofi: "Diamant! Diamant, chef!"

"Umeona?" Komanda akaniambia.

"Nimeona. Linakata kioo, na hilo ni kweli kabisa. Sasa tuone kama kuna kitu kinacholikata lenyewe."

Nilimgeukia Fundi Katembo. Alikuwa anatoka jasho, na asubuhi ya Beni haikuwa na joto bado. Shangazi alikuwa ameshafungua kitambaa. Fundi aliishika kalamu kifuani kama mtu anayeagana na mtoto, kisha, bila mimi kusema neno, akapiga hatua akaiweka mwenyewe mkononi mwa Komanda. "Vuta polepole, chef," alisema. "Usikandamize sana."

Komanda akaivuta juu ya jiwe la Kasima. Mstari ukatokea. Akalamba kidole akaufuta, akidhani ni vumbi. Haukufutika. Akavuta tena, na tena, kama mtoto aliyegundua chaki. Nikampa kipande cha jiwe la kunolea nilichokuja nacho, nacho kikachimbika. Nikamwomba alisugue jiwe la Kasima kwenye kipande kile. Ncha yake ikamomonyoka mbele ya macho yake, unga ukamwagikia kwenye karatasi ya kutia vidole. Akapuliza unga ule. Akalitazama jiwe butu, akaitazama kalamu, na ile punje ndogo ilikuwa inang'aa kama mwanzo.

"Donc," akasema hatimaye, "diamant iko hii."

"Hiyo," nikasema. "Na ile ni kwartzi. Imejaa katika milima yote, kuanzia Kipese mpaka Luofu."

Shangazi Masika hakuweza tena kunyamaza. "Chef, wewe ni mutu wa Kasai. Utuambie wewe mwenyewe: kwenu, diamant inafanana na hii?"

Komanda akaketi. Nilingoja ngurumo. Badala yake alijipangusa uso kwa leso, na mabega yakaanza kumtikisika, na tulipoona anacheka hatukujua kama tunaruhusiwa.

"Mama," alisema, "mimi sijafika Kasai hata siku moya. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya Kalemie. Nilizaliwa kule, kando ya ziwa. Ninajua samaki. Balinileta jiwe, bote bananiangalia, banangoja. Sasa mutu atafanya nini? Nilitikisa kichwa!"

Aliichana karatasi mbele yetu. Alisema wanunuzi walikuwa wameshaitwa, na kwamba kama wangefika wakaonyeshwa mawe ya kuchezea watoto, jina lake lingekuwa kichekesho kutoka Beni hadi mipakani. "Mwalimu, umeniokoa na aibu." Nikamjibu kwamba aliyegundua ni yeye, kwa mkono wake, na sisi sote ni mashahidi. Nilimaanisha hivyo. Mtu aliyejithibitishia jambo mwenyewe harudi nyuma. Mtu aliyeshindwa kwa maneno hungoja siku ya kulipiza.

Lakini kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Askari mmoja alisogea, akanyoosha shingo. "Chef, basi hii njo diamant ya kweli. Tung'oe?"

Komanda aliigeuza ile kalamu, akaona mpini ulivyolika kwa vidole vya baba na mwana. Akamtazama yule askari.

"Wewe, mama yako anapika na nini? Na sufuria. Mutu akimunyang'anya sufuria, utakula wapi? Hii ni chombo ya kazi." Akamrudishia Fundi kwa mikono miwili. Kisha akaelekeza kidole dirishani, kwenye mstari alioukwaruza mwenyewe. "Ila utakuja kuniwekea kioo ingine."

Hapo ndipo mwami mzee alipoinuka, akaweka kofia kichwani, akasema neno moja la Kinande, "Wasingya," yaani asante, na machozi yakamtiririka hadharani bila kuyaficha.

Safari ya kurudi sitaweza kuieleza vya kutosha. Shangazi alianzisha wimbo wa kanisa kabla lori halijatoka Beni, na wachuuzi wasiotujua wakaitikia, na dereva akapiga honi kwa mapigo ya wimbo katika kila kona. Habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani. Tulipofika Kipese watu walikuwa wamejipanga barabarani na majembe begani, na vijana walimbeba Fundi Katembo juu juu hadi kanisani, akipiga kelele wasimwangushe kwa sababu ana madirisha ya kumaliza. Siku iliyofuata mlima mzima ulipanda mbegu. Nilisimama kwenye shamba la shangazi nikimpokeza mbegu, na pande zote za Kasima, juu na chini, niliona migongo imeinama na nikasikia vicheko vikipita kutoka shamba hadi shamba. Msimu ule viazi vilishuka Butembo malori kwa malori. Vita havikuisha siku hiyo, wala siwezi kudai kwamba vilituonea haya. Milima mingine haikupata bahati yetu. Lakini Kasima haikutoka mikononi mwa wenyewe.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana simulizi bila nasaha ni kupitisha muda.

Usiseme "banasema" nyumbani mwangu, na ukikua, usiiruhusu nyumbani mwako. Ukiletewa neno, uliza nani aliliona, alikuwa wapi, alifanya nini ili ajue. Usione haya kuuliza. Haya imeshafukuza watu wengi kwenye ardhi yao. Jihadhari zaidi na neno lenye nusu ya kweli: jiwe lile lilikata kioo kwelikweli, na watu wakaruka kutoka kwenye kweli hiyo ndogo hadi kwenye uongo mkubwa, wala hakuna aliyeangalia anaruka nini. Usihukumu ujuzi wa mtu kwa jina la kwao. Kama hujui, sema hujui, hata watu wote wakiwa wanakutazama na kungoja utikise kichwa. Vitabu uvisome, tena usome vingi kuliko nilivyosoma mimi. Lakini uliyoyasoma uyafikishe mkononi, uyajaribu, ndipo yatakuwa yako na utaweza kusimama nayo mbele ya mwenye nguvu. Na utakaposhinda, usimvunje uliyemshinda. Mpe chombo, aone mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe jicho lisilochoka kutazama na ulimi usiotangulia jicho. Akupe ujasiri wa kusimama kabla kidole hakijachovywa. Akupe rafiki atakayeweka riziki yake mezani kwa ajili yako, nawe uwe rafiki wa namna hiyo kwa mwingine. Ardhi utakayoilima ikujibu, na watoto wako waijue kweli kwa mikono yao. Amina.